Samaki wa Mwamvita na Visanduku Vinne

Karatasi zote zilikuwa zimelowa njiani, kwa hiyo Profesa Antoine alichora jedwali lake kwa makaa kwenye ukuta wa kituo cha polisi cha Wamaza, chini kidogo ya tangazo linalokataza watu kukojoa hapo. Visanduku vinne: viwili juu, viwili chini. Alipomaliza alirudi nyuma akalitazama kama bwana harusi anavyotazama picha yake mwenyewe.

"Tisa nukta saba," alisema. "Mama Inspekta, kesi imekwisha."

Inspekta Cécilia, mpelelezi wa parke ya Kasongo, yaani ofisi ya mashtaka, ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye pikipiki, na matope yalimfika magotini. Katika kazi yake alishasikia kesi nyingi zikiisha. Nyingine ziliisha kabla hazijaanza.

"Kwanza niambieni nani amekufa," alisema. "Halafu hiyo tisa yenu nitaisalimia."

Komanda Dady, mkuu wa kituo, alisogeza kiti. Alikuwa mtu wa uhakika. Uhakika wake ulikuwa mkubwa kuliko tumbo lake, na tumbo lenyewe halikuwa la kuchezewa.

"Mume wa mama Régina alikufa hapa Wamaza," alisema. "Watu wakakusanyika kwa matanga. Mukwe wake, Bulaimu, akatoka Lusangi na watu wake. Wakala, wote wakala. Jua halijateremka, watu wakaanza kushika vichwa, kutapika, miguu haibebi. Thelathini waliugua. Na Jeannette akakufa."

"Jeannette ni nani?"

"Binti ya mama Régina. Njo bibi ya Bulaimu. Sasa sikia vizuri: samaki ya matanga ilileta nani? Mwamvita, muuza samaki wa Nyangwe. Na Mwamvita ni nani? Bibi wa kwanza wa Bulaimu! Alifukuzwa, Jeannette akaingia. Hapa hesabu ya nini tena?"

"Lakini hesabu imefanywa," Antoine alisema, akiwa ameumia kidogo. Alifundisha takwimu kwa wanafunzi wa uuguzi kule Kasongo, na watu wa afya walikuwa wamemleta ahesabu wagonjwa. "Nimehoji watu mia moja waliokula pale. Angalia, mama. Waliokula samaki, arobaini. Wasiokula, sitini. Wagonjwa wote, thelathini. Kama samaki hana habari na ugonjwa, basi kila upande thelathini katika mia wangeugua. Kwa hiyo kwa wale arobaini ningetarajia wagonjwa kumi na wawili. Nimepata wangapi?"

"Sema, usinitese."

"Kumi na tisa! Wamezidi saba. Ile saba unaizidisha kwa yenyewe, unaigawa kwa tarajio. Unafanya vile kwa visanduku vyote vinne, unajumlisha. Hiyo njo khi-deux. Ikipita tatu nukta nane nne, unasema hii haielekei kuwa bahati tupu. Sisi tuko kwenye tisa nukta saba."

"Na ikipita, inataja jina la aliyetia sumu?"

Antoine alijifuta makaa vidoleni. "Inasema vitu viwili vinatembea pamoja."

"Miye na hii pikipiki tumetembea pamoja toka Kasongo," Cécilia alisema, "lakini sijaizaa."

Komanda Dady hakucheka. Alionyesha kwa kidevu nje ya uzio, ambako vijana wa ukoo wa Bulaimu walikuwa wamechuchumaa kwenye manyunyu, macho yao kwenye mlango wa kasho, chumba cha mahabusu alimofungiwa Mwamvita. "Wale wanasema hivi: parke isipomuchukua Mwamvita leo, watamuchukua wao. Na kule Kasongo, akifika na hii namba shingoni, hatoki tena. Weka sahihi tu, mama, tumupandishe kwenye pikipiki."

Cécilia alitazama ukuta, akatazama vijana, akatazama ukuta tena. Hakuelewa hata nusu ya makaa yale, na alilijua hilo. Kilichomsumbua ni kwamba wengine wote walionekana kuelewa haraka mno.

"Fungua kasho," alisema.

Kasho ilikuwa ghala la zamani la mahindi lenye mlango wa bati. Mwamvita alikuwa amekaa juu ya tofali, kitenge amekifunga sawasawa kana kwamba anangoja wateja. Komanda Dady alitoa mfuko wa plastiki wenye unga mwekundu na kuuinua juu.

"Tulikuta hii ndani ya kikapu chake. Mwenyewe aseme."

Cécilia alitia pua. Alipiga chafya, akapiga nyingine, machozi yakamtoka. Mwamvita akaangua kicheko.

"Pilipili na majivu, mama! Inzi wa Wamaza hawana adabu. Kwetu Nyangwe samaki wa moshi anapakwa hivyo, inzi wanaenda kulilia pahali pengine."

"Na kikapu chenyewe kiko wapi, Komanda? Ni ushahidi."

"Iko salama."

"Wamebaki samaki wangapi?"

Komanda Dady alimtazama polisi aliyesimama mlangoni. Polisi alitazama viatu vyake. Kutoka nyuma ya kituo ilikuja harufu nzuri ya mafuta ya mawese.

"Tulionja kidogo," Komanda alisema. "Kwa uchunguzi."

"Na muko wazima."

"Sumu ilikuwa kwenye chungu, Mama Inspekta, haikuwa kwenye kikapu!"

"Chungu hakikuwa changu," Mwamvita alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Samaki niliacha mlangoni, nikaingia kulia. Yule mzee njo mutu mmoja alinitetea siku Bulaimu ananitupia vyombo nje. Niende kutia sumu kwenye matanga yake?"

"Wanasema uliyemlenga ni Jeannette."

"Jeannette? Uliza wanawake wote. Alisema mbele yetu heri alambe muchanga kuliko kula samaki yangu. Hata kipande hakikupita kwenye kinywa chake. Miye nikasema vizuri, itabaki ya watu wenye akili." Akakaza fundo la kitenge. "Sikujua ni neno la mwisho nitamwambia."

Cécilia alitoka nje akasimama mbele ya ukuta. Namba ilisema samaki. Aliyekufa hakula samaki. Alijaribu kuviweka vitu hivyo viwili katika kichwa kimoja, vikakataa kukaa.

"Prof, Jeannette uko naye kwenye kisanduku gani?"

"Hayumo. Nilihoji wazima na wagonjwa. Marehemu hajibu maswali."

"Kwa hiyo mutu tunayemtafutia muuaji hayuko kwenye hesabu ya kumtafuta muuaji."

"Kitaalamu..." Antoine alianza, lakini mpelelezi alikuwa amekwisha ondoka.

Hawa, shangazi wa Jeannette, ndiye aliyegawa chakula siku ile. Cécilia alimkuta nyumbani kwake, upande wa pili wa soko, anatwanga majani ya muhogo ya sombe. Mchi haukusimama.

"Yaya Hawa, dada yangu mukubwa, pole na msiba. Samaki ulimpa nani?"

"Wageni kwanza! Watu wa Bulaimu. Utawapa wakwe sombe tupu, wakaseme nini kule Lusangi? Ilibaki kidogo, wakagusa watu wetu wachache."

"Walikaa pamoja wote?"

Hawa alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama kuku ana meno. "Mukwe atatafuna mbele ya mama mukwe wake? Kasongo mumeshaanza hiyo? Bulaimu na watu wake walikaa nyuma, ng'ambo ya uzio wa nyasi. Hata mlango wa jiko la mama Régina Bulaimu hajapata kuuona, toka aoe."

"Na Jeannette?"

"Alikuwa anawahudumia kule nyuma, akala nao. Samaki alikataa, unajua kiburi chake, Mungu amurehemu. Alikula sombe."

"Na nini tena?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Chakula ya watu," Hawa alisema, na mchi ukaanza kupiga kwa nguvu kana kwamba kinu kimemtukana.

Cécilia alisubiri. Mwanamke aliyekuwa akijibu swali kabla halijaisha sasa alikuwa bubu, na kwa kitu kidogo namna hiyo. Alimshukuru akarudi kituoni, akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka, ila sasa alijua mkanganyiko wenyewe umekaa upande gani.

"Prof, hao watu mia, unajua nani ni mwenyeji na nani alikuja na Bulaimu?"

"Najua. Niliuliza kila mutu anatoka wapi. Wageni arobaini, wenyeji sitini."

"Basi wagawe. Chora majedwali mawili. Wageni kwao, wenyeji kwao."

Antoine alichukua makaa. Mwanzoni aliandika haraka, kama mtu anayethibitisha alichokijua. Kisha mkono ukapunguza mwendo.

"Wageni waliokula samaki, thelathini, wameugua kumi na saba. Wageni ambao hawakugusa samaki, kumi, wameugua..." Alihesabu tena kwa vidole. "Sita."

"Sita kwa kumi?"

"Wasioonja samaki wameugua zaidi kidogo kuliko walioonja." Alipiga hesabu pembeni ya ukuta, akafuta kwa kiwiko, akapiga tena. "Khi-deux: sifuri nukta sifuri tatu. Si kitu. Si kitu kabisa! Wenyeji sasa. Kumi walikula samaki, wawili wakaugua. Hamsini hawakula, watano wakaugua. Hapa visanduku ni vyembamba mno, siwezi kuapa, lakini hata moja haifiki."

Komanda Dady alikuwa amesimama katikati ya majedwali, akigeuza kichwa kushoto na kulia. "Ngoja. Asubuhi samaki ilikuwa na tisa. Sasa iko na sifuri. Ile tisa ilienda wapi? Prof, weye ni mwalimu ama mufumu wa kupiga ramli?"

"Ni watu wale wale," Antoine alisema polepole, na sauti yake ilikuwa imepoteza kile kiburi cha asubuhi. "Sijaongeza mtu, sijatoa mtu. Wageni waliugua sana. Na wageni njo walipewa samaki wengi. Nilipowachanganya, samaki akabeba mzigo wa wageni." Aliandika mistari mingine. "Wageni arobaini, wagonjwa ishirini na watatu. Wenyeji sitini, wagonjwa saba. Hapa khi-deux ni... ishirini na nne."

"Ishirini na nne!" Komanda alishika mkanda. "Basi nakamata wageni wote."

"Kwa kosa gani, la kuugua?" Cécilia alisema. "Ile tisa ilikudanganya asubuhi, na sasa unaoa dada yake. Ishirini na nne nayo inatembea na kitu tu. Tutafute kitu gani. Maji?"

"Chemchemi ni moja," Antoine alisema.

"Sombe?"

"Chungu kimoja, iligawiwa pande zote mbili."

"Pombe?"

"Watu wa Bulaimu ni Waislamu, hawanywi."

"Bugali?"

"Bugali nayo ni moja, si ndiyo..." Antoine alisita. Hakuwahi kuuliza. Kwake bugali ilikuwa bugali.

Wakamtazama Komanda Dady, ambaye alikuwa ameoa Lusangi, na ambaye ghafla alipata kazi kubwa ya kufunga kifungo cha shati.

"Komanda."

"Wakwe hawali unga ya mama mukwe," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo isiyofanana na mwili wake. "Wanakuja na yao. Njo heshima. Wanapikiwa yao kule nyuma, na wenyeji wachache wanaowahudumia njo wanaionja."

"Tangu asubuhi uko na hiyo neno tumboni?"

"Mama, nani atasema unga ya wakwe iko mubaya? Hata ukitafuna jiwe, unameza, unasema aksanti. Ukisema tu, umevunja ndoa mbili na ukoo mzima."

Ndipo Cécilia alipoelewa kinu cha Hawa. Watu mia walihojiwa, na hakuna hata mmoja aliyetaja unga, kwa sababu hakuna aliyelelewa vibaya kiasi hicho. Walishika kichwa, walitapika, miguu haikuwabeba. Wote watatu pale ukutani walikuwa wamelelewa kwa muhogo, na wote watatu walijua kwamba muhogo mchungu usipoloweshwa hadi ulainike, sumu yake inabaki ndani.

"Mulete Bulaimu," alisema.

Bulaimu aliingia akiwa na macho mekundu na koti lililofungwa vifungo pasipo mpango. Hakutaka kukaa.

"Baba Bulaimu, pole sana."

"Pole itakuja mukimuondoa yule mwanamuke."

"Tutafika kwake. Kwa matanga ulikuja na unga?"

"Nilikuja na unga kama mutu."

"Ya muhogo mutamu ama muchungu?"

"Muchungu. Ule mutamu nguruwe wa pori wanamaliza. Unaniuliza mambo ya shamba, bibi yangu amezikwa!"

"Ililoweshwa?"

"Wanawake waliloweka mutoni, kama siku zote."

"Ikalainika vizuri?"

Bulaimu aliangalia ukuta. Pengine ndiyo mara ya kwanza aliona makaa yale. "Hii ni nini?"

"Hapa ni watu wako," Cécilia alisema, akigusa kisanduku. "Waliokula samaki ya Mwamvita, waliugua. Hapa ni watu wako pia. Hawakugusa samaki, na waliugua vile vile. Hapa ni watu wa mama mukwe wako waliokula samaki ile ile. Wanane kwa kumi wako wazima. Nakuuliza tena: muhogo ililainika?"

"Habari ya kifo ilikuja haraka," alisema.

"Najua."

"Mukwe hawezi kufika matanga mikono mitupu. Watu wangeniona namna gani?"

"Nani alisema itolewe kwa maji?"

Vijana walikuwa wamesogea dirishani kusikiliza. Bulaimu aliwaona, na Cécilia alifikiri atasema uongo. Kama angekuwa yeye, labda angesema.

"Jeannette alisema tungoje," Bulaimu alisema. "Alivunja kipande mbele yangu, kikalia kama kijiti kikavu. Alisema bado iko ngumu. Nikamwambia unataka ndugu zako wanicheke? Unataka nije kuomba unga mulangoni kama mutoto? Tukaikata ndogo ndogo, tukaikausha kwa moto, tukasaga. Ilikuwa nyeupe. Ilikuwa nzuri kabisa kwa macho." Akakaa chini, si kwenye kiti bali sakafuni. "Alikula nyingi, ili watu wangu waone haidharau."

Antoine alikuwa ameshika makaa mkononi bila kujua ayaweke wapi. Ni Cécilia aliyeuliza, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuuliza hata pale ambapo mtu mwingine angenyamaza.

"Ile unga iliisha yote?"

"Nusu ya mufuko ilibaki. Tuliiacha kwa mama mukwe. Inangoja..." Bulaimu aliinua kichwa.

"Inangoja nini?"

"Siku ya kumaliza matanga. Inapikwa kwa watu wote, pande zote."

"Na matanga ya Jeannette inamalizika lini?"

"Leo." Alikuwa amekwisha simama, amempita polisi, amewapita vijana, anakimbia kukatiza soko na koti linampiga mgongoni. Polisi alinyanyua bunduki akamtazama Komanda.

"Muache!" Cécilia alipaza sauti. "Fungua kasho!"

Mwamvita alitoka akikunja macho kwa mwanga. Hakuuliza kama yuko huru. Cécilia alimwambia kwa maneno machache ni unga, ni ile unga, na iko jikoni kwa mama Régina, naye Mwamvita akauliza kitu kimoja tu, "Watoto wameshapakuliwa?", na hakungoja jibu. Walikimbia wote, inspekta na mfungwa, Komanda nyuma yao anahema, profesa nyuma ya Komanda.

Walipofika, ua ulikuwa umejaa watu. Bulaimu alikuwa ndani ya jiko la mama mkwe wake. Sufuria kubwa ililala kwa ubavu, bugali imemwagika kwenye majivu inatoa moshi, na mikono yake ilikuwa imeungua hadi kwenye vifundo. Sahani zilikuwa bado zimepangwa kwenye mkeka, tupu zote. Mbele yake, mama Régina alisimama na mwiko. Bulaimu hakuinua uso.

"Mama, unga njo miye," alisema kwa sauti iliyofika hadi uzioni. "Nilitoa muhogo bado haijaiva kwa maji. Jeannette alinikataza. Si Mwamvita. Njo miye."

Mwanamke mmoja alianza kulia, mwingine akamshika mdomo. Vijana wa Lusangi walikuwa wamefika; wakasimama nje ya uzio, hakuna hata mmoja aliyemtazama Mwamvita usoni.

Mama Régina alitazama bugali kwenye majivu. Mumewe alikuwa chini ya udongo, binti yake alikuwa chini ya udongo, mkwe wake alikuwa jikoni kwake, na watu wote walikuwa na njaa. Aligeuka taratibu mpaka alipomkuta Mwamvita kati ya watu.

"Weye."

"Mama."

"Ndani iko unga yangu. Nililoweka mwenyewe." Alimnyooshea mwiko. "Pika. Watu wale."

Ua mzima ulimtazama yule ambaye, tangu Jeannette azikwe, kila kinywa pale kilikuwa kimemwita mtia sumu. Mwamvita alikunja kitenge, akanawa mikono mbele yao wote, akaingia jikoni. Maji yalipoanza kuchemka, watu waliketi mmoja mmoja kwenye mkeka, wakasogeza sahani zao karibu.